Mcheza kwao hakutuzwa: Safari ya kusaka santuri za Kitwe

Na Mwandishi Wetu

UKIMWULIZA kijana wa Nairobi muziki mpya anaupata wapi, atakuonyesha simu yake. Ukimwuliza muziki huo umetoka wapi, hana shaka atakujibu: London, New York au Los Angeles. Mimi pia ningejibu hivyo hadi jioni moja ya Novemba 2024.

Jioni hiyo mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa sebuleni akisikiliza wimbo uitwao “Noid” wa msanii Mmarekani Tyler, the Creator, uliotoka mwezi uliotangulia. Ghafla aliusimamisha na kuniita.

“Mjomba, mbona huyu Mmarekani ni kama anaimba Kiswahili?”

Nilitega sikio. Kweli kulikuwa na sauti ya mwanamume ikiimba kwa lugha ambayo sikuielewa vizuri, lakini iliyonipitia masikioni kama lugha ya jirani. Nyuma yake gitaa lilikuwa likinguruma kwa mkwaruzo kama lori linalopanda mlima.

Mama, ambaye alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, hakuinua hata kichwa. “Hao si Wamarekani,” akasema. “Hao ni Wazambia. Marehemu baba yenu alikuwa na santuri zao.”

Mama hakukosea. Sauti ile ilikuwa imechukuliwa kutoka wimbo “Nizakupanga Ngozi” wa bendi ya Ngozi Family ya Zambia, uliorekodiwa mwaka 1977. Lugha yenyewe ni Kinyanja, binamu wa Kiswahili. Wimbo uliomshangaza mpwa wangu kwa upya wake ulimzidi mamake mzazi kwa umri!

SANDUKU LA BABA

Baba alikuwa fundi wa redio karibu na River Road. Alipenda kutusimulia jinsi alivyowaona vijana wa Musi-O-Tunya, bendi ya Wazambia iliyoishi na kupiga muziki humu nchini katika miaka ya 1970. Jina hilo ndilo la maporomoko makubwa ya mto Zambezi, na maana yake ni moshi unaonguruma. Albamu yao “Wings of Africa” ilirekodiwa papa hapa Nairobi.

Nilikwenda kulifungua sanduku lake. Humo nilikuta nyaya, valvu za redio na majalada matatu ya santuri. Moja lilikuwa la “Lazy Bones!!”, albamu ya mwaka 1975 ya bendi ya WITCH. Nilitia mkono ndani. Lilikuwa tupu.

Msomaji, sikuhitaji kumwuliza mtu sahani ilikokwenda. Tulipokuwa watoto, mimi na ndugu zangu tulizichukua santuri za baba tukazirusha uwanjani, kila mmoja akijifanya mrusha kisahani wa Olimpiki. Zilizosalia mama alizitia katika maji moto akazikunja kuwa vibakuli vya maua. Baba alituona, na hakusema neno. Gramafoni yake ilikuwa imeharibika zamani na sindano hazikupatikana tena madukani.

Usiku huo nilikaa na simu nikasikiliza albamu nzima ya “Lazy Bones!!”. Kulipokucha nilikuwa nimekata shauri. Nilitaka kufika mahali muziki huo ulikotoka na, Mungu akipenda, kurudi na sahani ya kutia katika jalada la baba.

SIKU NNE NJIANI

Nilifunga safari mwezi wa Aprili 2025. Mwenye haraka hupanda ndege, lakini mshahara wa mwandishi unajulikana. Nilipanda basi hadi Dar es Salaam, kisha jingine kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mji wa mpakani ambako malori ya shaba na mafuta hupanga foleni usioona mwisho wake.

Ukivuka tu unaingia Nakonde, upande wa Zambia, na saa yako inabidi uirudishe nyuma kwa saa moja. Kutoka hapo barabara kuu ya kaskazini inakata misitu ya miombo kupitia Mpika na Serenje hadi Kapiri Mposhi, ambako pia reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam inaishia. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni na nyasi zilisimama kimo cha mtu. Kandokando ya barabara watoto waliuza uyoga na mahindi ya kuchemsha.

Mswahili hapotei katika nchi hiyo. Katika Kibemba, lugha inayotawala mkoa wa Copperbelt, nyama ni inama na mtu ni umuntu. Mwanamke aliyeniuzia sima kwa samaki wadogo waitwao kapenta aliniambia “natotela sana” nilipomlipa. Neno la kwanza ni asante. La pili halihitaji mkalimani.

Kutoka Kapiri nilipita Ndola, na mwendo wa kilomita 60 hivi baadaye nikaingia Kitwe siku ya nne, miguu imenivimba.

MJI WA SHABA

Kitwe ni mji uliozaliwa na shaba. Jambo la kwanza mgeni huonyeshwa ni kilima cheusi tititi kilichorundikwa mjini, ambacho wenyeji hukiita Black Mountain. Hicho si kilima cha Mungu. Ni mabaki ya mawe yaliyoyeyushwa mgodini kwa miongo mingi yakatupwa kuwa takataka. Baadaye iligunduliwa kwamba ndani yake bado mna shaba, na sasa vijana hukichimba kutafuta riziki. Kazi hiyo ni ya hatari. Juni 2018 kilima kiliporomoka kikawaua watu kumi.

Shaba hiyo hiyo ndiyo iliyozaa muziki nilioufuata. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, bei ya shaba ilikuwa nzuri na wachimba migodi wa Copperbelt walikuwa na mishahara. Kijana aliweza kununua redio, gramafoni na hata gitaa la umeme. Kupitia redio, na kupitia santuri za wafanyakazi Wazungu wa migodini, vijana wa Kitwe na Chingola waliwasikia Jimi Hendrix, Rolling Stones na James Brown.

Wakati huo Marekani na Uingereza zilikuwa zimekumbwa na muziki uitwao saikedeliki. Ni muziki wa gitaa lililokwaruzwa kwa makusudi kupitia kisanduku cha umeme, wa sauti zinazovutwa na kurudi kama mwangwi, na wa nyimbo ndefu zinazomtoa msikilizaji mahali alipo na kumpeleka kama ndotoni. Vijana wa Zambia waliutwaa, wakautia midundo ya kwao na lugha zao, ukazaliwa muziki ulioitwa Zamrock.

Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitaa, alichangia kwa njia yake. Aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Bendi zikapata nafasi ambayo wenzao wengi barani hawakuipata.

WITCH ndio waliovuma kuliko wote. Herufi za jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wamekusudia kuzua vurugu. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alibandikwa jina la “Jagari” kwa jinsi alivyorukaruka jukwaani kama Mick Jagger wa Rolling Stones. Albamu yao “Introduction”, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, hutajwa mara nyingi kuwa albamu ya kwanza ya kibiashara nchini Zambia. Hawakungoja kampuni kubwa iwashike mkono, bali waliuza sahani zao penye maonyesho yao. Hayo ndiyo leo vijana huyaita muziki wa indi, yaani wa kujitegemea, na kudhani yalianza juzi.

FUNDI WA REDIO

Asubuhi ya pili nilizuru soko la Chisokone, ambalo ni kama Gikomba yetu kwa msongamano wake na marundo ya mitumba, ambayo Wazambia huita salaula. Nilimkuta kijana anayejaza nyimbo katika kadi za simu. Nilipomwonyesha jalada langu alicheka. “Kaka, hizo hazipo hapa. Nenda kwa wazee wa redio.”

Alinielekeza kwa fundi mmoja mwenye kibanda katika mtaa wa zamani wa wachimba migodi. Mzee huyo, ambaye aliniomba nisitaje jina lake, alikuwa amekaa mlangoni penye mwanga kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Ukame wa mwaka 2024 ulikuwa umepunguza sana maji ya bwawa la Kariba, na mgao wa umeme ulikuwa bado unawatesa wananchi.

Niliinama kidogo nikamwamkia kwa Kiswahili, kwani kijana wa sokoni alikuwa ameniambia mzee aliwahi kuwa utingo wa malori ya Dar es Salaam. “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Ni siku nyingi sijaamkiwa hivyo.”

Nilimpa jalada. Aliligeuza, akalinusa, akaingiza vidole ndani kama nilivyofanya mimi.

“Sahani iko wapi?”

“Tulizirusha tukiwa watoto, mzee. Hatukujua.”

Nilitarajia anikemee. Badala yake alicheka hadi akakohoa. “Basi tuko sawa. Mimi nilikuwa nazo kumi na moja. Alikuja mgeni kutoka ng’ambo akazinunua zote kwa bei ya mfuko mmoja wa unga. Nikamshukuru! Hata nikamfungia kwa gazeti zisivunjike.”

Alinieleza kwamba akiwa barobaro alikuwa akibeba spika na vikuza sauti vya bendi mbalimbali. Malipo yake yalikuwa kuingia dansi bure na soda mbili. Watu walicheza kuanzia jioni hadi alfajiri, kisha wengine wakaenda moja kwa moja zamu ya asubuhi mgodini, jasho la dansi halijakauka.

Nilitoa simu yangu. Nilimwomba asogee, nikafungulia “Lazy Bones!!”.

Mzee aliweka chini bisibisi yake. Gitaa lilipoanza kukwaruza alifumba macho, na mguu wake wa kulia ukaanza kupiga sakafu. Hakusema kitu hadi wimbo wa tatu. Alikuwa hajausikia muziki huo kwa zaidi ya miaka 30, na ulikuwa umemrudia kupitia Marekani, Nairobi na simu ya mgeni.

Hatimaye alifumbua macho akaanza kuhesabu kwa vidole wenzake wa zamani. Wapiga gitaa, wapiga ngoma, wabeba vyombo. Alipomaliza mkono mmoja alianza wa pili. “Wote wamekwenda,” akasema. “Ule ugonjwa.”

Kisha akaniuliza swali ambalo bado linaniwasha. “Tukiusikiliza hapa hivi, mimi na wewe, nani analipwa?”

KILICHOUZIMA

Masaibu ya Zamrock hayakuja kwa mara moja. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote, na katika miaka ya 1974 na 1975 bei ya shaba ikaporomoka. Mishahara ikakosa nguvu na vyombo vya muziki vikawa ghali. Vita vya ukombozi katika nchi jirani ya Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, vilileta mashambulizi hadi ndani ya Zambia na usiku ukawa wa kuzimwa taa. Bendi zikalazimika kupiga muziki mchana. Baadaye disko na kanda za kunakili kiholela zikamaliza kilichobaki.

Kisha likaja janga la Ukimwi. Miongoni mwa wanamuziki watano wa mwanzo wa WITCH, ni Jagari pekee aliyesalia. Yeye alijipatia riziki kwa kufundisha na kwa kuchimba vito vya thamani. Paul Ngozi, kiongozi wa Ngozi Family, alifariki mwaka 1989 na hakuisikia sauti yake katika albamu ya Tyler.

Wakusanyaji wa ng’ambo ndio waliozizindua santuri hizo. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilitoa upya mkusanyiko wa kazi za WITCH. Nakala za kwanza zilizopigwa chapa miaka ya 1970 zikawa lulu, na wakusanyaji huziuziana kwa mamia ya dola. Baadhi ya kampuni ziliwatafuta wanamuziki waliosalia na jamaa zao, zikatia saini mikataba nao. Kwa hivyo jibu la swali la mzee ni kwamba wako wanaolipwa. Lakini wengi walikwenda kaburini kabla ya posta kuleta hundi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawa walicheza kwao, na tuzo ikatoka ugenini.

Hata hivyo hadithi haikuishia makaburini. Filamu kuhusu Jagari na WITCH ilitoka mwaka 2019. Mwaka 2022 bendi hiyo ilishirikiana na Sampa the Great, mwanamuziki wa kike mzaliwa wa Zambia. Mwaka 2023 Jagari na mpiga kinanda Patrick Mwondela, wakisaidiwa na vijana kutoka Ulaya, walitoa albamu mpya iitwayo “Zango”. Mzee wa zaidi ya miaka 70 akitoa albamu mpya, kijana wa miaka 20 asiseme amechelewa.

ANZA NA HIZI

Kwa familia na wanafunzi ambao wangependa kuusikia muziki huu, mwandishi wenu anapendekeza albamu zifuatazo. Zote hupatikana kwenye intaneti, na nyingi zimetolewa upya kwa santuri.

“Lazy Bones!!” ya WITCH (1975). Hii ndiyo lango. Gitaa linakwaruza, ngoma hazitulii, na bado unaweza kuimba pamoja nao. Isikilize kwa sauti ya juu kidogo, majirani wakikubali.

“Africa” ya Amanaz (1975). Jina la bendi ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayokualika uulize kuhusu wasanii wazuri wa Zambia. Ni albamu ya pole na yenye huzuni, inayofaa Jumapili alasiri mvua inaponyesha. Ukitaka kusikiliza moja tu, chagua hii.

“Wings of Africa” ya Musi-O-Tunya (1975). Tarumbeta na ngoma za kiasili zinakutana na gitaa la umeme. Mzazi aliyekuwa Nairobi wakati huo huenda akakumbuka mengi.

“My Ancestors” ya Chrissy Zebby Tembo na Ngozi Family (1974). Ni muziki mzito wa watu wachache wanaopiga kwa nguvu zao zote. Wapenzi wa roki ngumu wataanzia hapa.

“Zango” ya WITCH (2023). Sikiliza hii mwisho, ili upate kujua wazee wamebeba nini kwa miaka yote hiyo.

Wala tusiwasahau wa kwetu. Mkusanyiko “Kenya Special” uliotolewa na kampuni ya Soundway ya Uingereza mwaka 2013 una nyimbo za Kenya za miaka ya 1970 na 1980 ambazo wengi wetu hatujawahi kuzisikia. Miongoni mwa vijana wa karne hii, Just A Band walitoa “82” mwaka 2009 kwa njia ile ile ya kujitegemea. Ni jambo la kutafakari kwamba hata nyimbo zetu wenyewe ilibidi zikusanywe na Mwingereza.

JALADA LILIKOBAKI

Sikupata sahani Kitwe. Nilizunguka siku tatu, hadi Chingola, na kila mzee niliyemwuliza alikuwa na hadithi ya mgeni aliyepita kabla yangu.

Siku ya kuondoka nilirudi kwa fundi kumuaga. Umeme ulikuwa umerudi na redio tatu zilikuwa zikiongea kwa pamoja. Nilikuwa nimemnunulia kadi ya simu yenye albamu tano, nikamwonyesha jinsi ya kuifungua katika redio yake ndogo. Alitaka kunilipa nikakataa.

Kisha, bila kupanga, nilitoa jalada la baba nikampa. Hakulikataa. Alilifuta kwa kitambaa, akalisimamisha katika rafu juu ya meza yake ya kazi, kati ya redio mbili, mahali ambapo anayeingia ataliona kwanza.

Nilipofika nyumbani mama aliniuliza jalada liko wapi. Nilimweleza yote. Alinyamaza kwa muda, nikadhani nimemkosea.

“Ni sawa,” akasema. “Hapa lilikuwa sandukuni. Huko kuna mtu anayejua linavyolia.”

Mpwa wangu naye ameanza ukaguzi wake. Amekwisha kupekua dari ya shangazi yake na stoo ya jirani, na amepata santuri nne, mbili zikiwa nzima. Nawe msomaji, kabla hujafungua simu kutafuta albamu mpya wiki hii, angalia kwanza chini ya kitanda cha babu. Na kama babu yu hai, mwulize sahani hiyo inaliaje.